Mpishi wa Porini Aliyezaliwa Majengo

Safari ile ya siku nne, Riyadh mpaka Jeddah, ilinigharimu sufuria moja ya madam, jino langu moja la nyuma, na miaka miwili ya maisha. Sufuria nilisamehewa. Jino nililimeza, kwa hivyo siwezi kusema limepotea. Miaka miwili ndiyo bado naipigia hesabu, na kila nikiihesabu upya inatoka ileile.

Nawaandikia nyinyi wasichana mnaokaa kwenye benchi pale kwa wakala, mkisubiri viza na mabegi mmeshafunga. Kila asubuhi nikipita na beseni langu la mahamri mnaniuliza, “Shangazi, kule kazi iko aje?” Jibu la kweli ni refu kuliko subira ya mtu aliyesimama na beseni kichwani. Kwa ufupi, kazi iko vile ulivyosema utafanya. Mdomo ndio unaoandika mkataba, mkono unakuja kutia sahihi tu.

Mimi nilikuwa mpishi wa nyumba moja mtaa wa Sulimaniyah, Riyadh, kwa miaka mingi. Baba wa nyumba alikuwa mtu wa ofisini, mpole, mwenye kuogopa gharama kuliko maradhi. Madam alikuwa mwalimu. Watoto walikuwa watatu, na chumba cha chini alikaa Hajja, mamake Baba, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Hao ndio watu wangu. Nikiweka sahani nilihesabu mara mbili, kwa sababu sahani moja ikipungua unalala njaa wewe, halali njaa Baba.

Mwaka ninaousimulia, binti yangu wa pekee, Rehema, alikuwa anaolewa Mombasa. Ijumaa imeshapangwa, ukumbi umeshalipiwa kishika nafasi. Na kule, wanangu, hutoki kwa kuwa na nauli tu. Kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, lazima akutolee ruhusa ya kutoka na kurudi. Siku hizi anaibonyeza kwenye simu, kama anavyoagiza kuku wa kuchoma. Asipobonyeza, utabaki na nauli yako mkononi ukijipepea.

Baba hakutaka kubonyeza. Mfanyakazi aliyekuwapo kabla yangu aliomba wiki tatu za kumwona mamake mgonjwa, na mpaka leo bado anamwona. Kwa hivyo kila nikimwuliza, Baba aliniambia “bukra, Esha, inshallah bukra,” yaani kesho, na bukra zilishafika miezi mitatu. Na kile ambacho Baba hakuambiwa ni kwamba hofu yake ilikuwa ya haki. Mimi nilikuwa sirudi. Nilishachoka, na hesabu yangu ilishaonyesha kwamba nina akiba ya kuanzia biashara ya mahamri.

Basi likizo ya shule ikafika, na familia ikataka kwenda kashta. Kashta ni kutoka mjini na hema, mazulia, kuni na birika la kahawa, mkakae jangwani mkifurahia baridi. Mwaka ule walitaka wafike mpaka Jeddah kwa gari, wakipiga kambi njiani. Mpishi waliyemkodisha kila mwaka alikuwa amekwenda kwao. Madam akaja jikoni.

“Esha, unajua kupika nje? Kwa kuni, kwenye hema?”

“Madam, mimi nimezaliwa porini.”

“Kwenu kuna simba?”

“Wawili.”

Mnaona hapo. Ukitia chumvi, tia kwa kipimo. Ningesema simba ishirini angeanza kuuliza maswali. Wawili ni idadi ya mtu anayesema kweli.

Ukweli ni kwamba nimezaliwa Majengo, Mombasa, nyumba ya vyumba sita na choo kimoja. Mnyama mkali niliyekua naye alikuwa bata bukini wa jirani, na mpaka leo nikiona bata navuka barabara. Moto kwetu ulitoka kwenye makaa, na makaa yalitoka dukani kwa kopo. Hema niliziona harusini na matangani, zikisimamishwa na vijana waliolipwa. Lakini Madam alishaamua kwamba Afrika yote ni mbuga, nami si mtu wa kumkatalia mteja aliyeshika kitu na kukipenda.

Usiku huohuo nikampelekea Baba bei yangu. Nitawapikia njia nzima, bila nyongeza ya mshahara. Tukifika Jeddah anibonyezee ruhusa na anikatie tikiti ya kwenda harusini.

Baba akajikuna kidevu. “Kashta ikienda vizuri.”

“Vizuri ni nini, Baba?”

Hilo swali lishikeni. Neno kama “vizuri” halina mipaka, mwenye pesa atalivuta mpaka likatike upande wako. Baba akafikiri, akasema, “Kila mtu ale, na kila mtu afike.”

Nikamwambia nimekubali, nikaenda kutazama video za kufunga hema.

Kwenye video kijana mmoja alirusha mfuko hewani, hema ikafunguka yenyewe ikatua chini kama kuku anayeatamia. Nikasema kumbe kazi ndogo. Hema ya Baba haikuwa ya aina hiyo. Ilikuwa turubai zito la nguzo na kamba, na ilipotoka kwenye buti la gari ilikuwa kama maiti ya ndovu. Siku ya kwanza, alasiri, jangwa tupu kila upande, familia nzima imekaa kwenye zulia ikimtazama mtu wa porini afanye mambo yake. Nilihesabu nguzo, nikazihesabu tena, nikazipanga kwa urefu kama watoto wa madrasa, nikaanza na iliyonipendeza.

Hema ilisimama, sitasema uongo. Ilisimama mlango ukitazama kaskazini. Sikujua kwamba huko ndiko unakotoka upepo wa shamali, na majira ya baridi shamali ina meno. Ikaingia mlangoni na mchanga wote wa mkoa ule, ikaizunguka sinia ya wali, ikatulia humo.

Baba akatafuna, akasimama kutafuna, akatafuna tena taratibu. “Esha, wali huu una mawe?”

“Hayo ni mapishi ya kwetu, Baba.”

Walikula wote. Sharti la kwanza likapita, ingawa kwa kukwaruza.

Baada ya chakula Hajja akaniita kwenye zulia lake. Tangu mchana alikuwa akinywa kahawa na kunitazama.

“Esha, keti. Kwenu porini, mlango wa hema huutazamisha wapi?”

“Jua linapotoka, Hajja.”

“Na upepo wenu hutoka wapi?”

“Inategemea.”

“Inategemea,” alirudia, kama mtu anayeonja maziwa yaliyoanza kuchacha. “Mimi nimechunga mbuzi mpaka siku niliyoolewa. Wewe hujalala nje hata siku moja.”

Bei ikishajulikana, kelele hazisaidii.

“Sitasema,” akaendelea.

“Bure?”

Hajja akacheka mpaka kahawa ikamwagika. “Bure haipo hata peponi, wanaoingia wamelipia huku.” Kisha akanipa bei yake. Siku ya pili tutapiga kambi karibu na mji mmoja mkongwe wa udongo, ulio ukingoni mwa wadi, bonde la mto mkavu. Ndimo alimozaliwa. Nyumba yao iko nyuma, upande ambao watu wamehama na hakuna aliyeukarabati. Kila mwaka alimwomba mwanawe ampeleke, na kila mwaka mwanawe alisema kuta zitamwangukia, magoti hayatamfikisha, bukra, mama, bukra. Hajja alitaka nimpeleke mimi.

Kumbe mimi na yeye tulikuwa tukilishwa bukra moja kutoka sufuria moja. Tukapeana mikono.

Tangu hapo akawa mwalimu wangu, na mwalimu yule hakuwa na huruma. Kabla hajaanza kunifundisha moto nilikuwa nimeshaweka sufuria ya Madam, ile isiyoshika chakula, juu ya kuni zinazowaka ndimi. Mpini wa plastiki ukaniaga kwa machozi meusi. Ndani kukachunika kama ukuta wenye chumvi. Hajja akasema sufuria ya kambi ni ile usiyoionea huruma, na kuni za kambi ni za mgunga mkavu, zinazoungua polepole bila kukutoa machozi. Chimba kishimo cha kina cha kiganja. Mgongo wako uwe upande wa upepo. Usipulize kama unajaza puto. Pulizia chini, pumzi ndefu, kama unayemwamsha mtu usiyetaka akasirike.

Akanifundisha mkate wa majivuni. Unga, maji, chumvi, hakuna hamira. Moto ukishakuwa makaa unayasogeza, unalaza donge juu ya mchanga wa moto, unalifunika kwa majivu na makaa yake. Likiiva unalitoa na kulipigapiga kwa kitambaa. “Pangusa sawasawa,” Hajja alisema. Nikapangusa kwa haraka, maana Madam alikuwa anakuja. Akasimama hapo akitaka kuona nikionja kwanza. Nikauma, na ndani kulikuwa na kijiwe, na kijiwe kikalishinda jino.

“Ndivyo ulivyo mkate wa kwenu?” Madam akaniuliza.

“Ndivyo hasa,” nikasema, nikameza vyote viwili.

Hapa niingize jambo jingine, maana hadithi ya mjinga ikifululiza inachosha. Mmoja wenu aliniuliza juzi kama nilikuwa hodari wa kupatana bei madukani. Mwaka uliotangulia tulikwenda Umra, na Madam alinipa saa mbili za kutembea Balad, ule mji wa zamani wa Jeddah wenye nyumba za mawe ya matumbawe na madirisha ya mbao. Nilikuwa naanza kumnunulia Rehema vitu vya harusi kabla hajapata hata mchumba. Kwenye duka moja la udi na mafuta nikakuta chetezo cha shaba. Mzee mwenye duka akataja themanini. Nikakigeuza, nikakitazama matako, nikaanza kupiga hesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, nikijua niko ugenini: “Nikimpa hamsini hasara yangu. Nikikipata kwa arobaini, nimemwibia huyu baba.”

Yule mzee akaifuta miwani yake, akaniambia kwa Kiunguja safi, “Basi bibie nipe arobaini na tano, uniibie kidogo tu.”

Wazee wake walitoka Zanzibar mwaka wa mapinduzi. Ameuza udi pale maisha yake yote akisikiliza watu wa pwani wakijipangia namna ya kumwibia. Nililipa hamsini kwa aibu, na kahawa nikanyweshwa. Kwa hivyo hesabuni mara mbili, lakini midomo ifungwe.

Turudi jangwani. Siku ya pili tukafika karibu na ule mji. Wadi ilipita katikati, upande mmoja uwanda ambapo watu hupiga kambi, upande wa pili mji wa udongo na mitende yake. Niseme wadi, lakini mimi niliona bonde kavu la mchanga laini, limetulia, halina upepo. Nikaanza kushusha hema pale chini.

“Pandisha juu,” Hajja akasema.

“Hajja, hapa ni pazuri. Hakuna shamali.”

“Hapa ni njiani kwa mwenyewe. Mwenyewe akisafiri, hulali mlangoni pake.”

Nikapandisha hema juu huku nikicheka moyoni. Mto gani usioweza kujaza hata ndoo? Kwetu mto ni mto, una maji, unaonekana, na ukitaka kufurika unakupa siku kadhaa za kuhamisha kuku.

Asubuhi Baba na Madam wakachukua watoto kwenda kituo cha mafuta kujaza gari na mapipa ya maji. “Esha, mwangalie Hajja,” Baba akasema. Vumbi la gari halijatua, Hajja akaniambia, “Yalla.”

Tulikuwa na kigari cha kukunja cha magurudumu manne, cha kubebea kuni. Nikakitandika blanketi, nikampakia Hajja na chupa yake ya kahawa, nikaanza kuvuta. Kwenye mchanga wa wadi magurudumu yakazama nusu. Nilivuta kwa mbele, nikasukuma kwa nyuma, nikavuta kwa kurudi kinyumenyume, naye Hajja kakaa wima akinihimiza kama anayeswaga ngamia.

“Kwenu porini hamvuti?”

“Kwetu porini, Hajja, tunapanda tuktuk.”

Upande wa mbele wa mji umetengenezwa, udongo mpya, taa, vibao vya kuelekeza wageni. Tukapita nyuma, ambako hakuna kibao. Alinielekeza kwa kidole, kushoto, kulia, bila kusita, ingawa alitoka pale akiwa msichana. Nyumba yao haikuwa na paa. Ukuta mmoja ulikuwa bado umesimama na masizi ya jiko, meusi kama ya jana. Nikamshusha, akakaa mbele ya yale masizi, akaweka kiganja.

“Hapa mama yangu alinichapa kwa kumwaga samli,” akasema.

Nikasimama kizingitini nikiangalia boriti mbili za mitende zilizobaki juu ya kichwa chake. Nilikuwa nawaza sharti la pili, kila mtu afike, na boriti zile hazikunipendeza.

“Mlango huo uliosimama ndio niliotokea nikiwa bibi harusi,” Hajja akaendelea bila kugeuka. “Mama alikuwa ameshakufa. Nilivalishwa na jirani, na alikuwa na haraka. Binti yako nani atamvalisha?”

“Mimi, Hajja, mwanao akibonyeza.”

Hajja akamimina kahawa vikombe viwili, tukanywa.

Ndipo nikasikia lori. Nikamwambia, “Hajja, hilo lori la changarawe linakimbia sana.” Akainua kichwa. “Upande huo hakuna barabara,” akasema.

Nikatoka mbio mpaka ukingoni. Ule mto usiojaza ndoo ulikuwa unapita ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba vichaka, tairi, na sanduku la barafu la watu wengine likielea na kifuniko chake. Juu yangu mbingu ilikuwa kavu, haina wingu la kufutia kioo. Mvua ilinyesha milimani, mbali huko, na hakuna aliyenipigia simu. Hema yetu ilikuwa ng'ambo ya pili, juu, salama. Mimi na mama wa watu tulikuwa ng'ambo ya huku.

Na gari likarudi. Niliona Baba akishuka, akaingia hemani, akatoka, akaizunguka hema, akaingia tena kana kwamba mara ya kwanza hakutazama vizuri. Simu ya Hajja ikalia mapajani mwake. Nilikuwa nimemrudia na kumvuta mpaka ukingoni na kigari chake. Akanipa simu. “Sema wewe. Akishachoka kukufokea nitaichukua.”

“Esha, mama yuko wapi?”

“Yuko salama, Baba. Ukigeuka nyuma, ng'ambo, anakupungia mkono.”

Baba akageuka. Akavua kilemba chake, akakivaa, akakivua. Nilimwona mdomo ukienda kabla sauti haijafika kwenye simu.

“Mama ana magoti hayo! Wewe mtu wa porini hukujua wadi hujaa? Halas, basi, Esha. Jeddah mafi, hakuna. Tikiti mafi. Maji yakishuka tunarudi Riyadh.”

Nikahesabu siku zilizobaki mpaka Ijumaa ya Rehema, nikazihesabu tena kwa matumaini ya kukuta moja zaidi. Haikuwapo. Kurudi Riyadh maana yake ni bukra nyingine, na bibi harusi wangu angevalishwa na jirani mwenye haraka.

Hajja akaninyang'anya simu, akaweka sauti ya nje.

“Mwanangu, unaniona? Mimi ni mzima?”

“Mzima, mama, alhamdulillahi, lakini…”

“Sharti lenu lilikuwa lipi?”

“Kila mtu ale na kila mtu afike.”

“Nimekula. Na mimi safari yangu ilikuwa ya hapa. Nimefika.”

Baba akasema, na safari hii hakufoka, “Mama, huyu akienda harudi. Yule mwingine pia alisema wiki tatu.”

Hajja akafunika simu kwa kiganja, akanitazama. “Nimeliona begi lako la Jeddah. Mtu wa wiki tatu habebi pasi yake ya nguo.”

Mtu aliyeuza simba wawili bila kupepesa alikosa la kusema juu ya pasi moja.

“Nitakudhamini kwa mwanangu,” akasema. “Sijawahi kumwambia jambo likawa uongo, na siko tayari kuanza nawe. Utarudi ukae nami miaka mitatu.”

“Mmoja.”

“Mitatu. Nina magoti.”

“Mmoja na nusu, Hajja. Nami nina mtoto.”

“Mtoto wako anapata mume. Mimi napata nani?”

Maji yalikuwa yanapita. Ng'ambo Baba alikuwa anapiga kelele kwenye simu iliyofunikwa. “Miwili,” nikasema.

“Miwili, na nisisikie tena habari za pori.”

Tukapeana mikono. Hajja akafunua simu. “Atarudi. Miaka miwili. Dhamana ni mimi. Sasa bonyeza.”

“Mama, huku mtandao hafifu.”

“Panda juu ya gari.”

Na Baba, mtu mzima wa ofisini, akavua viatu, akapanda juu ya paa la gari na kanzu yake, akanyoosha simu mbinguni. Madam alikuwa chini amemshikia viatu. Watoto walikuwa wanapiga makofi. Simu yangu ikalia, nikasoma: ruhusa imetolewa. Nikasoma tena. Hajja hakukubali hata hapo. Alikaa kwenye kigari chake na kusema havuki mpaka tikiti nayo ionekane, na Baba akabaki juu ya paa kama muadhini asiye na msikiti.

Alasiri maji yakapungua, Baba akazunguka kwa daraja la barabara kuu akaja kutuchukua. Tulipofika lami, Madam akaniuliza kwa upole, “Esha, wale simba wawili walikuwa na majina?”

Nikatazama dirishani.

“Mimi nilijua tangu hema,” akasema.

“Mimi tangu wali,” Baba akasema.

Yule mdogo akasema yeye alijua tangu siku niliyopanda benchi kwenye bustani kwa sababu ya bata. Katika gari lile la watu saba, mtu pekee aliyekuwa bado anaamini kwamba mimi ni wa porini nilikuwa mimi.

Harusini nilifika. Nilimvalisha Rehema kwa mikono yangu, taratibu, pini kwa pini, na nilipomaliza nikazihesabu. Baada ya wiki tatu nikafunga begi na pasi yangu ndani. Ndugu zangu wakaniambia, “Umetoka mdomoni mwa mamba, unarudi kufuata kiatu?” Nilirudi. Hajja alifariki miezi miwili kabla muda haujaisha, na Baba akaniambia dhamana hayupo tena, nikitaka niende. Nikakaa ile miezi miwili nikawapikia. Nisiulizwe kwa nini. Mtu akishakufa huwezi kwenda kumwomba akupunguzie.

Kwa hiyo mjukuu wangu alizaliwa mimi nikiwa Riyadh. Nilimwona akianza kukaa, kutambaa na kusimama, kwenye kioo cha kiganja. Siku niliyofika Mombasa alijificha nyuma ya mlango, akaninyooshea kidole, akamwambia mamake, “Simu.”

Siku hizi kashta si kashta. Nasikia wanakodisha kambi yenye umeme, choo cha vigae na mahali pa kuchaji, wanaletewa chakula na kijana wa pikipiki anayefuata ramani. Ni sawa. Lakini mlango bado uutazamishe mbali na shamali, mkate bado uupanguse, na wadi bado ni ya mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Rehema amepata kazi Jeddah, nyumba ya watoto wawili na bwawa la kuogelea. Jumatatu wanamhoji kwa video. Swali wameshamtumia: unajua kuogelea? Wanadhani watu wa Mombasa tumezaliwa na mapezi. Rehema maji yakimfika magotini anatamka shahada.

“Mama, niseme ndiyo?” ameniuliza. “Wewe si ulisema ndiyo?”

Nikamwambia mimi nilichezea wali wa watu, yeye atachezea watoto wa watu. Nikamwambia aseme hapana. Akasema akisema hapana kazi itakwenda kwa mwingine wa kwenye benchi, yaani mmoja wenu, na mumewe hana kazi tangu mwaka jana.

Lile hapana nililisema kwa sauti ndogo, naye aliisikia. Akienda, mtoto anabaki kwangu. Mkataba ni wa miaka miwili. Nitamwosha, nitampeleka chuoni akasome Kurani, atanizoea. Nilipiga hesabu nikaona narudishiwa changu chote. Nikapiga mara ya pili nikaona anayenilipa ni Rehema, ambaye hakukopa kitu kwangu.

Nimepatana bei na watu wengi, lakini hapa sijui nimesimama upande gani wa meza. Nyinyi maswali kama hayo mmeyajibu juzijuzi, na baadhi yenu mmeacha watoto nyumbani. Kesho nitapita mapema, kabla wakala hajafungua. Niambieni nimwambie nini.